Jicho Moja, Gizani Kipofu

Kitendawili hiki nilikitega mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya wanawake zaidi ya arobaini, na wote wakakijibu kwa sauti moja. Ndiyo maana sina wa kumsingizia.

Sabah ni mtoto wa binti yangu Zaituni. Kazaliwa Mombasa, kakulia Mombasa, ana miaka ishirini na mitatu, na kazi yake ni kupiga picha watu wakiimba. Nilipoambiwa hivyo kwenye simu nilicheka. Nikamwambia mamake: kuimba ni kazi, naijua, kupiga picha ni kazi, naijua, sasa kupiga picha sauti, hiyo mwanao kaitoa wapi? Zaituni akasema, "Mama, muulize mwenyewe, anakuja Kismayo kukuona."

Akaja na begi moja la nguo na jingine la kamera, na la kamera ndilo lililokuwa kubwa. Nikamkalisha ukumbini, mimi nachagua mchele, yeye anapangusa vioo vyake kwa kitambaa. Nikaitazama ile kamera, nikaona imepungua kitu. Wapiga picha wote wa mjini hapa kamera zao zina taa juu, imesimama kama upanga wa jogoo.

"Taa yake iko wapi?"

"Situmii taa, Bibi."

"Imeharibika?"

"Haikuharibika. Taa ni adui wa muimbaji. Mtu kafumba macho, yumo ndani ya wimbo wake, mara umeme huo usoni! Anashtuka, anakosa ubeti, na picha yenyewe inatoka nyeupe kama samaki aliyemulikwa tochi."

"Na hao waimbaji wenu wanaimba juani?"

"Wanaimba kwenye kumbi zenye giza. Nangoja mwanga wowote uliopo, hata ukiwa mdogo. Lenzi hii mdomo wake mpana, hunywa hata tone. Naegemea ukuta nisitikisike, nangoja muimbaji atue mwisho wa mstari, maana hapo ndipo anapotulia, kisha..." Akabana kitufe. Sikusikia kitu. "Na mlio nao nimeuzima, nisiwakere watu."

Nilimsikiliza vile unavyomsikiliza mtoto akikuhadithia ya shuleni, masikio huku, macho kwenye mchele. Nilichokishika ni kimoja tu: mjukuu wangu hatumii taa. Na kwa akili yangu mimi, asiye na taa, gizani hapigi picha. Basi. Hilo ndilo kosa langu, na nimelisema mapema ili msije mkadhani nalificha.

Wiki ile shoga yangu Maimuna alikuwa akimwoza binti yake Wardah. Maimuna ni wa kisiwa cha Koyama kama mimi. Tulihamia mjini pamoja, tukaenda kambini Kenya pamoja, tukarudi pamoja. Akataka bintiye apigiwe vugo la kwetu la zamani, lile la wanawake wenye pembe za nyati na vijiti, na muimbaji katikati anatoa mstari nao wanaupokea. Mahali pakawa bohari la marehemu mumewe, kuta za mawe, paa la mabati. Wakati, baada ya sala ya alasiri, wanaume wakiwa hawapo. Milango ikafungwa, madirisha yakazibwa kwa mablanketi. Jua liko nje limewaka, ndani kiza, na taa mbili ndogo za kuchaji zimewekwa sakafuni. Vugo letu siku hizi ndivyo linavyochezwa, kwa kujificha.

Sababu inajulikana. Mjini tuna nafuu, lakini ng'ambo barani, kwenye njia ya maboti yaendayo Koyama na Kudha, wapo watu tusiowataja majina. Muziki kwao ni kosa, na mwanamke kuimba ni kosa lililozidi. Boti likipita, hulisimamisha. Hutaka simu, huzipekua moja moja, picha moja moja.

Na muimbaji wetu alikuwa Safiyya.

Safiyya ana miaka thelathini, kazaliwa Koyama, na mamake mzazi yuko huko bado, mgonjwa wa miguu, hataki kuhama. Mumewe ni Mukhtar, mwenye boti ya mashine. Kila baada ya wiki mbili Mukhtar hupeleka unga, mafuta na dawa za mkwewe, na kila safari husimamishwa na wale watu. Sasa fikirini. Wakijua kwamba mke wa Mukhtar ndiye yule anayeimba kwenye maharusi ya Kismayo, Mukhtar harudi. Kwa hiyo Safiyya tulimficha. Sauti yake ilijulikana mji mzima. Jina na sura tulikaa nazo sisi wanawake. Mbele ya watoto tulimwita "Somo" tu.

Siku yenyewe tulikaa tukingoja pembe zifutwe vumbi, na wakanitaka vitendawili. Nikatega.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni kaingia, na mlango haukufunguliwa."

Wakasema moshi, nikakataa. Wakasema panya, wakachekwa. Nikamgeukia Safiyya. "Wewe, Somo?"

"Nimeshindwa, Bibi Barke."

"Nipe mji!"

Kwetu aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji akiridhika ndipo anapotoa jibu.

"Nakupa Lamu."

"Lamu nilishapewa juzi."

"Nakupa Jedda."

"Jedda joto. Nipe Koyama."

Akatikisa kichwa, na meno yake nje kwa kicheko. "Miji yote chukua, Bibi, na Nairobi nakuongeza. Koyama siitoi hata kwa mchezo. Mama yangu yumo ndani, utampeleka wapi?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikapokea Nairobi, nikatoa jibu: sauti. Maimuna akampiga Safiyya begani. "Muimbaji mzima hujui sauti! Kaa chini huko!"

Basi hapo ndipo mmoja alipomuona Sabah, niliyekuja naye, nguzoni, na kamera kifuani. Manong'ono yakaanza. "Yule nani? Hiyo si kamera?" Safiyya akajivuta leso usoni.

Ni lazima niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwenye vugo letu mpiga picha haruhusiwi kuja bila taa. Taa ndiyo adabu yake. Akitaka kupiga, Maimuna au mwingine hupiga kelele, "Taa!", kila asiyetaka hujifunika, taa inawaka, picha inapigwa, leso zinashuka, mchezo unaendelea. Hata akipiga kwa wizi, taa inamfichua. Hatuna haja ya kumchunga yeye. Tunaichunga taa.

"Barke," Maimuna akaniuliza, "mjukuu wako huyu vipi?"

Nami, badala ya kusimama nimuite Sabah aeleze mwenyewe, nikataka kuchekesha.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Jicho moja, gizani kipofu."

"Kamera!" wakaitika bohari zima.

"Na ya mjukuu wangu taa haina. Mnaiona taa? Basi atapiga nini humu? Akitaka kumpiga bibi harusi atasema, tutafungua mlango."

Maimuna akazunguka akiwatuliza, "Hapana mchu atakayepigwa, chezeni," kwa Kibajuni chetu, mchu ni mtu. Leso zikashuka. Wa mwisho kushusha yake alikuwa Safiyya.

Sabah hakuyasikia hayo. Alikuwa upande wa pili anasogeza taa ya kuchaji. Akaja akaniinamia sikioni, na swali aliloniuliza nalikumbuka neno kwa neno.

"Bibi, wamekubali nisipotumia taa?"

"Wamekubali," nikasema. "Wenyewe ndivyo wanavyotaka, bila taa."

Akanibusu kichwani.

Vugo likaanza. Sitalieleza lote. Pembe ishirini zikigongwa pamoja ndani ya kuta za mawe, unazisikia kwenye magego. Safiyya akaketi kwenye kigoda katikati, mikono mapajani, akatoa mstari, wakaupokea. Akatoa wa pili, sauti ikapanda mpaka ikatia watu machozi, na Wardah bibi harusi akalia wanja ukamchuruzika. Sabah nilimuona mara mbili tatu. Kaegemea nguzo, kamera usoni, kajikaza kama mtu aliyebanwa na mlango. Nikajisemea, maskini, anahangaika bure.

Paa la lile bohari lina matundu ya misumari. Jua la alasiri lilipita kwenye tundu moja, likatua sakafuni kama sarafu, nyeupe. Kadiri jua lilivyoshuka ile sarafu ikatembea. Ikapanda kwenye mkeka, ikapanda kwenye goti la Safiyya, ikapanda kifuani. Niliiona. Wote tuliiona, wala hapana aliyeitilia maanani. Sabah alikuwa akiingoja. Robo saa nzima aliingoja, baadaye ndipo akaniambia. Ilipofika shavuni Safiyya alikuwa ametua mwisho wa mstari, kafumba macho, mdomo uko wazi kidogo, pembe kando yake zimekuwa ukungu mtupu kwa mwendo wa mikono.

Tulirudi nyumbani magharibi haijaadhiniwa. Nikaweka chai jikoni. Sabah akaja na kamera, akapiga magoti kando yangu, uso wake kama mtoto siku ya Idi.

"Bibi, tazama."

Nikatazama kile kioo kidogo. Ilikuwa Safiyya. Kila kitu kingine kiza, na yeye kang'aa, mpaka kovu dogo chini ya nyusi, alilolipata alipoangukia ngazi za kisima cha Koyama. Mwanamke yeyote angejua huyu ni nani, na anafanya nini.

"Mwanga huu umeupata wapi?"

"Si ule wa paani? Mwingi kabisa ule. Hata kwa taa za sakafuni pekee ningepata." Akabonyeza, picha nyingine, na nyingine. Maimuna bila leso. Binti wa jirani bila leso, anacheka. "Bibi? Mbona hivyo?"

"Hizi amezipata nani?"

"Mama Wardah peke yake. Alinisihi pale mlangoni, anataka picha za binti yake zikiwa moto moto. Nikamtumia kumi na moja kwenye simu."

Chai ikamwagika motoni. Nikaiacha.

Maimuna nyumba yake ya tatu kutoka kwangu. Mimi na Sabah tulimkuta kitandani na simu, miguu kwenye beseni la maji, anatabasamu. "Njooo, Barke, njoo uone mjukuu wako alivyomtoa Wardah wangu. Alifungua mlango saa ngapi huyu? Nimezitia zote kwenye grupu la harusi."

"Umezitazama zote?"

"Nimetazama za mwanangu. Zingine nimezipeleka tu."

Nikamshika mkono. "Ya nne, Maimuna. Fungua ya nne."

Akafungua. Miguu ikatoka kwenye beseni, maji yakaenda sakafu nzima.

Grupu la harusi lina watu tisini na mbili, wa kike na wa kiume, wa Kismayo, wa Mombasa, wa Uingereza. Bwana harusi, Idris, ni binamu yake Mukhtar. Na Mukhtar mwenyewe yumo. Mukhtar ambaye adhuhuri ya siku ile alipakia unga wa mkwewe akaondoka, na simu yake mfukoni.

"Futa!" Sabah akampokonya simu. Akasoma orodha ya waliozifungua, kisha akafuta moja moja, zote kumi na moja, kwa watu wote. "Zimekaa humo dakika thelathini na tano. Watu ishirini na saba wamezifungua."

"Na Mukhtar?"

"Tiki moja. Yuko nje ya mtandao. Haijamfikia. Haijamfikia, Bibi." Kisha akaitazama tena ile tiki. "Ila mtandao ukimkuta njiani..."

"Si umefuta?"

"Nimefuta. Picha haitakuja. Itakuja alama tu, kwamba hapa palikuwa na kitu kimefutwa."

Maimuna akasema, "Alama haina sura." Na hapo ndipo tulipoponea, usiku ule, kwenye neno hilo.

Safiyya sikutaka aambiwe na mtu mwingine. Tulikwenda mimi na Sabah baada ya isha. Nikamwambia yote tangu mwanzo, na kitendawili nikakitaja. Hakulia. Alimgeukia Sabah.

"Unayo?"

"Ninayo."

"Nionyeshe."

Sabah akampa kamera. Safiyya akaishika kwa mikono miwili, kama unavyopokea mtoto wa mtu. Akatazama muda mrefu. Akaupeleka mkono wake kwenye lile kovu.

"Ndivyo ninavyokuwa?" akauliza. "Nikiimba?"

"Ndivyo," Sabah akasema.

"Sijawahi kujiona." Akatazama tena. "Mukhtar naye hajawahi."

Kisha akairudisha. "Futa."

Sabah akafuta mbele yake. Akatoa na ile kadi ndogo ya ndani, akamwekea kiganjani. Njiani kurudi ndipo aliponiambia, "Miaka mitano natafuta picha ile, Bibi." Nilitaka kumwambia pole, nikaona pole yangu ya kwanza ni ya Safiyya.

Siku tatu zikapita. Maimuna akawa anazunguka nyumba kwa nyumba kwa wale ishirini na saba, anawaapisha. Wengine waliapa wamefuta, wengine waliapa hawakuona kitu. Mmoja, kijana wa upande wa bwana harusi, alicheka akasema, "Kwani kuna nini? Picha nzuri vile." Alipoulizwa kama anayo akasema hakumbuki. Hakumbuki!

Siku ya nne Mukhtar akarudi, mzima, boti nzima. Safiyya alimuona kwa mbali, akaweka uji motoni. Ila simu hana.

Alitusimulia wakati anakunywa uji. Wale watu wa barani walimsimamisha wakati wa kurudi. Akawapa simu kama siku zote, hana wasiwasi, maana simu ya Mukhtar ni bei za samaki na picha za injini. Mtandao wa barani ulikuwa umeikuta. Yule mpekuzi akakuta mstari: ujumbe huu umefutwa. Akakuta wa pili. Akahesabu kumi na moja, imefuatana, na jina juu yake: Mama Harusi, yaani Maimuna.

"Kilikuwa nini hiki?"

"Sijui."

"Mama Harusi anakutumia kitu mara kumi na moja, anafuta mara kumi na moja, na wewe hujui?"

"Wallahi sijui," Mukhtar akaapa, na ilikuwa kweli. Kiapo cha kweli kikamuokoa siku ile. Lakini simu wakabaki nayo. Wakamwambia safari ijayo aje na jibu.

Mukhtar akaweka bakuli chini. "Sasa na mimi nauliza. Kilikuwa nini?"

Tulikuwemo mimi, Maimuna, Sabah na Safiyya. Safiyya ndiye aliyejibu. "Ni mimi," akasema. "Naimba."

Mukhtar alitikisa kichwa polepole. Si mtu wa makelele. Akauliza, "Ilikuwa nzuri?" Safiyya akamtazama Sabah. Sabah akasema, "Ilikuwa nzuri, kaka." Mukhtar akainuka akaenda kuosha mikono, akakaa huko muda mrefu kuliko mikono inavyotaka.

Safari ijayo haipo. Mwezi wa pili sasa boti imefungwa. Unga wa mama mkwe umepelekwa mara moja na mtu mwingine, dawa hazikufika. Sabah alirudi Mombasa. Amenipigia akaniambia siku hizi kabla ya kazi humuonyesha kila muimbaji picha moja aliyoipiga gizani, aione kwa macho yake, ndipo yeye amuulize kama amekubali. Nikamwambia vyema. Vugo la Kismayo halijapigwa tena. Pembe ziko kwangu, chini ya kitanda.

Jana Safiyya alikuja kunisaidia kuchagua mchele. Mimi na vitendawili tumeachana tangu siku ile, wajukuu wakiniomba nawaambia nimesahau. Kwa hiyo nilishtuka aliposema yeye:

"Kitendawili."

Nikamtazama. Hakuinua macho.

"Tega," nikasema.

"Nalala kwangu, naamka kwa watu."

Nilikijua. Angekijua hata mtoto mdogo. Neno "siri" lilinifika mpaka ulimini, likakataa kutoka, maana kulisema mbele yake ni kama kuiweka ile picha mkekani baina yetu.

"Nimeshindwa," nikasema.

"Nipe mji."

Sikufikiri. Neno lilitoka lenyewe, kwa mapenzi, nikitaka kumpa kile kikubwa nilichonacho.

"Nakupa Koyama."

Akasita, na punje ya mchele katika vidole. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya, na machozi yakamshuka pamoja nacho.

"Ushaichukua, Bibi," akasema. "Nipe mwingine."

Nikatafuta mji. Nikatafuta, Mungu ni shahidi wangu, miji yote niliyopewa na watu miaka yote, na sikuuona wa kumpa.